Mchango wa Mama Paulina

Mjukuu wangu Neema,

Sie huku Temeke tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama kamati yenu ya kanisa itengeneze paa kwanza, na kazi ya kurekebisha ngazi isubiri. Enzi za Mwingereza, nikiwa mwalimu kijana, kanisa letu lilivuja, nikatumwa kupita nyumba kwa nyumba kuomba mchango wa mabati. Nikafika kwa Mama Paulina, muuza vitumbua aliyetembelea magongo. Kila Jumapili alisali nje, chini ya dirisha, maana ngazi zilimshinda. Alitoa mchango wake bila kusita, kisha akauliza, "Mwalimu, panavuja upande gani?"

"Karibu na madhabahu."

"Mie nilidhani kote. Sijawahi kuingia."

Hakuwa ananisuta, aliuliza tu. Lakini nilikuwa nimemsalimu pale dirishani miaka miwili, nikapita.

Maneno yake niliyafikisha kwa wazee wa kanisa kama yalivyo. Mmoja wao akasema mabati yangoje. Tukanunua saruji, tukajenga njia ya mteremko hadi mlangoni.

Masika yakatukuta bado tunavujiwa. Mama Paulina aliketi benchi la mbele, matone yakimlowesha kitambaa cha kichwa. Nikamnong'oneza asogee.

"Niache hapahapa, mwalimu," akasema. "Mvua naijua. Uso wa mchungaji akihubiri ndio kwanza nauona."

Wasalimie wenzako wa kamati.

Bibi yako,
Elianasia