Kaka Jina, Kuona la Ukoo

Jumanne, 17 Desemba 2024

Imani kafika na basi la Mikumi. Begi moja, maswali mengi. Mama yake, Agness wangu, hawezi kutoka jikoni kule hotelini – Krismasi ndiyo msimu wa wageni. Kwa hiyo mjukuu kaletwa kwa bibi, Mabwerebwere, mpaka shule zifunguliwe. Miaka tisa. Meno ya mbele yanaota kwa zamu.

Nimempa kazi ya kuokota pini chini ya cherehani. Kaokota kumi na moja, akauliza kama mchwa wanakula pini. Swali gani hilo.

Naandika hapa kwenye daftari la vipimo, kurasa za nyuma. Ndiyo sehemu salama. Hakuna mteja anayelifungua, asije akakutana na kiuno chake.

Alhamisi, 19 Desemba

Filipo, dalali wa mazao wa Dumila, kaleta kitambaa cha kijani. Mashati mawili, mikanda ya begani, mifuko miwili yenye vifuniko. Eti ya igizo la Krismasi kanisani, ya askari wa Herode. Nikamuuliza hao askari wa Herode walikuwa wanaweka simu humo mifukoni? Kacheka kuliko utani ulivyostahili. Mtu akicheka kupita utani, ana jambo.

Vipimo kaja navyo kwenye karatasi. Mmoja kifua 44, mwingine 38. Kwaya yetu haina kijana wa 44. Kifua hicho anacho mwenyekiti wa akina mama peke yake.

Jioni Imani kapotea nusu saa. Karudi magoti yana udongo mwekundu.

Ulikuwa wapi?

Kwa Kaka.

Kaka yupi? Agness kazaa mmoja tu, na siku hiyo nilikuwepo.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimemhoji taratibu, huku nakata kola, ili aone ni mazungumzo. Kaka anakula nini? Vinavyotembea. Anakaa wapi? Shimoni. Ana miaka mingapi? Hasemi.

Hasemi. Majibu ya kijana wa bodaboda kabisa.

Marciana jirani anasema siku hizi hao huanza na pipi. Nimepekua mfuko wa gauni la mtoto. Pipi hakuna. Mchwa wawili, marehemu.

Jumamosi, 21 Desemba

Nimekwenda kule kwenye mkonge wa zamani nyuma ya nyumba, kabla hajaamka. Pana kichuguu, na chini yake shimo. Mchangani nyayo – za miguu miwili tu, na katikati mburuzo mrefu. Kama mtu mfupi anayeburuta gunia. Nikarudi nikatia komeo mlangoni, asubuhi kweupe, mwanamke mzima.

Mashati ya Herode yamekwisha. Uzi wa kijani uliniishia mwishoni, kwenye mikanda ya bega la kushoto, nikamalizia na wa bluu. Aibu ndogo. Filipo kaja kuyachukua, hakuangalia. Wateja hawaangalii, ndiyo maana mafundi tunaishi.

Jumapili, 22 Desemba

Nimemfuata.

Kengele ya saa kumi na moja ilipolia Imani katoka kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikajibanza kwenye mkonge, kwa umri huu, na mwiba umeniingia pasipotajika. Mtoto kakaa chini, kaimba pambio moja la Sunday school, nusu ya maneno kayakosea. Na Kaka akatoka shimoni.

Kakakuona!

Magamba tangu utosini mpaka ncha ya mkia, kama nanasi lililopata miguu. Anatembea kwa miguu ya nyuma, mikono kaikusanya kifuani, mkia unaburuta – mzee wa kanisa kabisa, anayeifuata sadaka na hataki aonekane ana haraka. Mara ya mwisho kumwona nilikuwa mdogo kama Imani, kule milimani kwa babu yangu. Watu huzeeka bila kumwona hata mara moja.

Nikasogea. Akajikunja mpira. Imani akamgusa kwa kidole kimoja, akafunguka. Nikagusa mimi: mpira. Akagusa yeye: pua ikatoka, ikamnusa magoti.

Sasa kwa nini hukuniambia ni mnyama, unasema kaka, kaka?

Kanishangaa. Bibi, ndilo jina lake. Kaka jina, Kuona la ukoo.

Siku nne namwinda kijana wa bodaboda.

Jumatatu, 23 Desemba

Imani anasema Kaka kasema Krismasi atakuja kwetu.

Si ulisema hasemi?

Umri ndio hasemi.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani: askari wa Herode walikuwepo wanne, wamevaa mapazia. Kijani hakuna hata leso. Filipo sikumwona.

Tumerudi saa saba, jua la kupasua kichwa, na nusu ya kwaya nyuma yetu wakifuata pilau. Kaka yuko mlangoni. Mnyama ambaye mchana hulala. Kasimama wima, mikono kifuani, kama mgeni aliyebisha hodi akakosa wa kumjibu.

Imani hakushangaa. Nilimwangalia makusudi.

Mzee Elikana, mjuzi wa mila hapa kijijini, ndiye aliyechukua usukani. Akasema kwa wazee wetu kakakuona haji bure, ana habari ya mwaka. Tuweke maji, unga na panga, aachwe achague. Maji ni mvua, unga ni mavuno, panga ni ugomvi. Marciana akamwambia, Mzee, hata ladha ya ushirika haijatoka mdomoni. Mzee akamjibu ushirika ni wa roho, mama, mvua ni ya shamba.

Tukaweka. Kaka kapita maji. Kapita unga. Kalinusa panga, kalipita, watu wakapumua. Kaingia ndani mpaka chini ya cherehani yangu, akajikunja juu ya kipande cha kitambaa. Kile cha kijani, masalia ya Herode.

Mzee kakuna kichwa. Kitambaa hakimo kwenye mila. Marciana akasema basi mwaka huu tutashona. Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka, lakini sikufika mwisho. Filipo alikuwa kaegemea mlango wangu. Kafika saa ngapi? Anapiga picha kwa simu. Akaniuliza kwa upole, huyu mnyama, mama, anaweza kufika kilo ngapi.

Siku ya Krismasi watu huuliza kama pilau imeiva.

Kabla jua halijazama tukamrudisha kwenye shimo lake, Mzee Elikana mbele. Akishinda nje ni mkosi, anasema.

Alhamisi, 26 Desemba

Kichuguu kimefumuliwa. Kwa majembe, na nyayo ni za watu wazima. Imani alisimama pale hakulia, na hilo lilinitisha. Akaanza lile pambio, maneno yale yale ya makosa, akizunguka mkonge. Mzunguko wa tatu mpira mmoja ukafunguka chini ya majani.

Tumekuja naye kwenye tenga. Nimempigia Agness, naye kawapigia askari wa hifadhi wanaokula pale hotelini kwake. Jibu: wanaomchimba wanataka magamba, na magamba hayatoki kwa mnyama aliye hai. Awekwe penye ubaridi, asilishwe, asionyeshwe mtu. Watakuja wenyewe kesho saa kumi, wampeleke hifadhini.

Tenga liko chini ya meza ya kukatia, nimelifunika vitambaa. Imani kalala sakafuni kando yake. Kauliza, hifadhini atanikumbuka? Nikamwambia, si unakaa Mikumi wewe? Mtakuwa majirani.

Kafikiri. Akasema basi wasimkosee njia.

Ijumaa, 27 Desemba

Saa nane kasoro. Wamekuja. Wa saa kumi, wamefika saa nane kasoro. Serikali ya wapi hiyo inayowahi?

Wanaume wawili, mashati ya kijani. Shikamoo mama. Marahaba. Tumetoka Mikumi, tumekuja kumchukua yule mnyama. Gari mmeacha wapi? Kule barabarani. Vitambulisho? Viko kwenye gari. Mmoja kavaa kandambili.

Yule mkubwa akageuka kutazama nje. Mkanda wa bega la kushoto: uzi wa bluu.

Kifua 44. Karibu sana, Herode.

Imani alikuwa ananiangalia mimi, si wao. Nikamwambia, mjukuu wangu, nguo za mama mchungaji zimechelewa, zipeleke sasa hivi, na usisimame njiani. Mama mchungaji hajaniletea nguo tangu Pasaka. Imani anajua, siku zote hizi kanisikia nikinung'unika. Akatazama chini ya meza. Akalivuta tenga. Kulivuta kaliweza, kulipandisha kichwani likamshinda.

Kifua 38 akainuka, akamtwisha.

Zito hili, akasema.

Nikamwambia, na mama mchungaji mwenyewe hujamwona.

Wakacheka. Tenga likapita katikati yao, vitambaa vya juu vinapanda na kushuka taratibu, kama mtu aliyelala. Imani shingo wima. Ninachoomba ni asianze kuimba.

Haya, mnyama yuko wapi, mama? Nikasema Mzee Elikana ndiye aliyemficha, yuko shamba, anarudi sasa hivi, kaeni mnywe chai. Na wewe mwanangu kifungo hicho kinaning'inia. Vua nikikaze. Utambebaje mnyama wa serikali kifua wazi? Na mwenzako naye, hebu, hiyo nayo fundi gani huyo aliyewashonea?

Wakavua wote wawili. Fundi kajitukana mwenyewe, nao wakakubaliana naye.

Sasa mashati yako mapajani mwangu, na wao wako kwenye benchi na vikombe, vifua wazi. Wanaona naandika vipimo. Dirishani naliona tenga: limepita kisima, limepita kanisa, linapanda kilima cha nyumba ya mchungaji. Pale kuna geti, na mbwa wawili wasioheshimu nguo za mtu. Agness nimemtumia meseji, waambie waje sasa, si saa kumi. Hajajibu. Kutoka Mikumi mpaka hapa ni safari.

Saa nane na robo. Tenga silioni tena.

Saa nane na nusu. Simu ya 44 imeita, katoka nje kuipokea, karudi hanitazami. Chai hataki tena.

38 kauliza vimebaki vifungo vingapi. Sita, nimemwambia. Nikikaza kimoja, mkasi unalegeza kingine.

Sasa hivi kauliza tena.

Sita.