Stinga kwa Gari la Mkwe

Jumatatu, 7 Aprili
Nimepalilia sukuma tangu asubuhi. Mgongo unauma. Mkwe wangu Wekesa akapita hapa Tuwan, Kitale, kuniachia viazi. Nikajifungia jikoni kama kawaida. Kwetu Bukusu mama mkwe na mkwe hawakutani uso kwa uso, wala hawasemezani. Tangu amwoe Nafula wangu, sauti yake naijua kupitia ukuta. Nilimchungulia kwa ufa. Ni mtu mzuri. Amekonda.

Lakini hilo gari! Lile Land Cruiser kuukuu analobebea viazi kutoka mlimani. Ametoka nalo kwa fundi wa kuchomelea hapa mjini. Mbele ya bampa sasa kuna bomba la chuma limepindwa, limetokeza kama pua ya nguruwe. Ati linaitwa stinga. Sijalipenda. Linafika kwa nyonga ya mtu mzima. Gari la kawaida likikugusa polepole linakusukuma, unaanguka, unaamka ukitukana. Hilo litakudunga. Na kwao kuna watoto.

Jumanne, 8 Aprili
Nimempigia Nafula kule Mabanga. Nimesema bila kuzunguka: mwambie mume wako hicho chuma akifunge kwa nati, kiwe cha kutoka. Mlimani akivae, nyumbani akivue. Akaniita mama kwa Kibukusu, kama kawaida: "Sawa, Mayi, nitamwambia." Mimi mwenyewe siwezi. Mtu mwingine yeyote Kitale hii ningemwambia, hata askofu.

Mama Njeri jirani amecheka mpaka akashika ukuta. "Mama Nafula, wewe unagombeza hadi chifu, halafu unaogopa kijana uliyempa msichana?" Si woga, nikamwambia, ni heshima. "Haya bana, kaa na heshima yako jikoni." Watu wa kwao Murang'a hawatuelewi.

Ijumaa, 11 Aprili
Mvua. Nafula amepiga simu, analia na kucheka pamoja. Wekesa alikuwa anashuka mlimani na mzigo, ukingo wa barabara ukakatika, gari likaangalia chini kama ndoo kisimani. Lingepinduka, matairi juu. Stinga ikatangulia kugonga udongo, ikalizuia, gari likarudi kukaa sawa. Wakalivuta kwa waya. "Si unaona, Mayi? Na vile ulikuwa unaitukana!"

Nimepiga magoti. Nimeshukuru. Kuna mwenzake alipinduka kwenye mteremko huohuo, hawakumtoa akiwa hai. Sikuuliza tena habari ya nati. Ningeanzia wapi? Chuma kimemrudishia mwanangu mume wake. Lakini moyo haujatulia. Jembe linalima, na linakata mguu.

Jumatano, 16 Aprili
Herufi nilizofundishwa kanisani uzeeni leo zinanikimbia.

Nafula alitoka kufungua lango. Mvua. Matope. Wekesa akakanyaga breki, gari lilikuwa na mzigo, likateleza. Polepole tu. Mjukuu wangu mkubwa anasema polepole kama ng'ombe anayesogea. Stinga ikamshika mama yao nyongani, ikambana na nguzo ya lango. Mifupa imevunjika vipande vipande. Yuko hospitali Bungoma. Naenda alfajiri.

Mungu, ulikuwa wapi? Nauliza kweli. Sikuimbii leo.

Alhamisi, 17 Aprili
Nafula alikuwa amelala, dawa imemzidi. Mdogo kitandani, kama nilipomwachisha ziwa. Wekesa yuko upande wa pili. Aliponiona akaruka ili atoke, kama adabu inavyotaka. Nikasema, "Keti." Neno la kwanza nililowahi kumwambia.

Halafu nikalipuka. Nilikutumia neno! Ufunge kwa nati! Uvue nyumbani! Akanitazama kama mtu aliyeamshwa.

"Neno gani, Mama?"

Kumbe Nafula alimwambia hivi: mama anakusalimu, anasema gari limependeza.

Ameupooza ukali wangu, kama anavyompoozea mtoto uji. Mumewe alikuwa na furaha na hicho chuma, hakutaka kumvunja. Wala hakutaka mumewe anione mimi mkali. Sijui ni maneno yangu mangapi ameyatia sukari njiani. Nimkasirikie yeye? Amelazwa. Nimkasirikie Wekesa? Hakujua. Wazee waliotuwekea mipaka? Wamekufa wote. Hasira imebaki yangu peke yangu. Nimelia chooni, nikanawa, nikarudi.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Sijaenda kanisani. Wamemtia vyuma ndani ya nyonga. Chuma tena. Daktari hasemi kama atatembea. Nikimuuliza anaangalia makaratasi. Nafula amefungua macho, ameuliza kama watoto wamekula. Hajauliza habari ya mguu. Nimemsugua nyayo kwa mafuta. Wa kushoto hausikii. Nimeusugua tu.

Jumamosi, 3 Mei
Yuko nyumbani Mabanga. Mimi nalala kwa jirani. Kulala kwa mkwe, hilo bado limenishinda. Mchana nampikia, namgeuza, namwosha. Hasemi sana. Zamani alikuwa anaongea mpaka namfukuza.

Leo Wekesa alisimama nje ya jikoni, msumeno wa chuma mkononi, macho chini. "Mama, niikate?"

Mvua imezidi. Mteremko ni sabuni tupu. Hana kazi nyingine na watoto wanakula. Kuhusu kuifunga kwa nati, amemuuliza fundi: fremu ilipinda siku ile mlimani, stinga ndiyo inaishikilia. Ikikatwa haitafungika tena. Akiikata, ipo siku nitapigiwa simu. Asipoikata, mke wake ataisikia ikirudi kila jioni.

Niliweka mwiko chini. Nikasema, "Iache. Urudi ukiwa hai." Akaenda. Nimejichukia mpaka chakula kikaungua.

Jumatatu, 5 Mei
Nafula ameuliza nani alisema stinga ibaki. Nikamwambia ni mimi. Sikutia sukari. Akasema, "Sawa, Mayi." Hiyo sawa yake naijua. Hajanisemesha tena siku nzima.

Ijumaa, 9 Mei
Manyunyu. Nafula amekunywa uji nusu kikombe. Jioni tukasikia gari. Likazimwa kulekule barabarani. Wekesa halileti tena nyumbani. Amekuja kwa miguu, tope mpaka magotini. Watoto hawakukimbia kumlaki. Walimtazama tu.

Nafula alikuwa amegeukia ukuta tangu ngurumo ya kwanza. Wekesa akaketi ukingoni mwa kitanda, hakumgusa. Akasema, "Nimefika." Akaendelea kukaa, maji yakimtoka nguoni.

Baadaye Nafula akatoa mkono mmoja, akaupeleka nyuma, bila kugeuka. Wekesa akaushika.

Nikatoka kuwaosha watoto miguu.