Pale Uliponiambia Nisimame

Mpendwa Aboowe,

Assalaamu alaykum, ingawa nimekukasirikia. Nalisema hilo mapema ili usidhani hii ni barua ya kukulilia. Kaka yangu mkubwa ni mmoja tu, na nimemlilia vya kutosha tangu tulipopata habari kwamba amezikwa huko kwenye baridi, kwa watu nisiowajua. Leo nina hasira. Asubuhi nzima nimekaa sakafuni na lile bati la maziwa ya unga ulilohifadhia picha zako, natafuta uso wako, na nimekuta ndege. Ndege inatua, ndege inageuka, ndege imesimama, mkia wa ndege. Kisomali tunakizungumza, lakini kuandika tulifundishwa Kiswahili, kwa hiyo vumilia, nakugombeza kwa Kiswahili.

Aliyenituma ni Hooyo. Jicho lake la kushoto limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia limeanza. Juzi baada ya swala ya alasiri aliniita akaniambia, "Deeqa, nitafutie uso wa kaka yako niutazame kabla macho hayajaniacha." Nikamwambia hilo ni jambo dogo, Hooyo, mwanao si alikuwa na kamera. Nilisema hivyo bila kufikiri.

Takaba nzima mtu mwenye kamera yake mwenyewe alikuwa wewe. Uliinunua kwa dereva wa lori ulipomaliza shule Garissa, na uliporudi nayo watu walifurahi. Walidhani sasa harusi zitapigwa picha, wazee watapigwa picha na bakora zao, na mwenye ngamia mzuri atapigwa naye. Wewe ukaelekeza lenzi uwanja wa ndege. Ule ulikuwa mwaka wa ukame, ndege za chakula zikija asubuhi na ile ndogo ya miraa ikija kabla ya adhuhuri. Watu walitazama magunia yanashushwa. Wewe ulikuwa ukitazama magurudumu, na mtu akipita mbele yako unamfokea, "Sogea, unanizibia!"

Na kama ungepiga picha ukaenda zako nisingesema neno. Shida yako ilikuwa mahali. Kila mahali palikuwa na kasoro, na kila kasoro ulikuja kunionyesha mimi, niliyekuwa na maziwa ya ngamia mkononi na wateja wananisubiri sokoni. "Abaayo, dakika mbili tu." Dakika zako mbili, Aboowe! Jua lilikuwa linapanda nazo.

Kwanza tulikaa kwenye mapipa ya mafuta, karibu na pale ndege zinapoegeshwa. Ulisema hapo utamwona rubani usoni. Ndege ikageuka, pangaboi zikatumwagia changarawe, na dumu langu lilikuwa wazi. Mama mmoja sokoni alionja, akatema, akaniuliza kama ngamia wetu siku hizi wanalishwa saruji. Kisha ukapanda kwenye tangi la maji la shule, ndege zikatoka ndogo kama nzi. Kisha ukahamia upande wa magharibi wa uwanja, ukakaa huko asubuhi zote za filamu nzima. Filamu ilipelekwa Garissa na lori kwenda kuoshwa, ikarudi baada ya wiki tatu, na kila ndege ilikuwa nyeusi kama mkaa, kwa sababu jua lilikuwa likikutazama usoni. Siku mbili hukula vizuri. Halafu ukanijia kwa sauti ya mwalimu: "Abaayo, jua liwe mgongoni. Siku zote mgongoni." Nikakujibu kwamba maziwa yangu yanaharibika.

Basi ukahamia mashariki, ukakuta huko hakuna pa kujificha, na askari wa uwanja hapendi kukuona. Hapo ndipo ulipojenga. Nikikumbuka nashika kichwa. Ulikata matawi ya mgunga, ukayazungusha karibu kabisa na pale magurudumu yanapogusa ardhi, ukaacha mlango mmoja, ukaenda nyumbani kuchukua filamu. Mtoto wa wafugaji, Aboowe! Ulijenga duara la miiba lenye mlango kando ya njia ya mbuzi watokao kisimani, halafu ukashangaa kwamba mbuzi wameingia. Wangefanya nini? Waliona boma lao. Waliingia kwa adabu zote, wakatulia, mpaka ndege ya miraa iliposhuka na ngurumo yake, wakatoka kwa pamoja na kutapakaa uwanja mzima. Ndege ikazunguka mara tatu, ikakata tamaa, ikaelekea Mandera na magunia yake.

Siku hiyo Takaba haikuwa na miraa. Nadhani hujawahi kuona wanaume wazima wakitembea haraka vile adhuhuri. Mzee Dakane alikuwa mbele na bakora yake, akimkabili yule askari wa bara.

"Afande, hii boma nani imejenga? Mimi nataka yeye leo, si kesho."

"Mzee, ningemjua si ningekuwa nimemshika? Mimi naskia ni yule wa kupiga picha."

"Bicha? Ndege imerudi sababu ya bicha? Sasa sisi tutatafuna bicha?"

Hakukuwa na ushahidi, na wewe ulikuwa umejificha nyuma ya duka na kamera ndani ya shuka. Ungepona. Lakini Hooyo alifika akitafuta mbuzi wake, na Hooyo hawezi kupita kwenye mchanga bila kuusoma. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumpata ngamia aliyepotea siku tisa kwa kufuata nyayo zake katikati ya nyayo za ngamia wa watu. Aliinama kidogo tu mlangoni pa boma lako. "Hii mguu ni ya kijana yangu," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili na askari asikie. "Anakanyaga na nje. Tangu mtoto iko hivo."

Hakujua kwamba anakuuza. Alipoona nyuso za wanaume wale ndipo alipoziba mdomo.

Na wazee nao, Mungu awasamehe, wakakuhukumu uwe unafukuza mifugo uwanjani kabla ya kila ndege kutua, msimu mzima. Waliiita adhabu! Walikupa ruhusa ya kukaa uwanjani kila siku, askari akishuhudia. Ulitabasamu mpaka nikaona aibu. Na nani aliyefukuza hao mbuzi? Ni mimi, dumu mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, kwa sababu bwana mkubwa alikuwa ameshapata kichuguu chake.

Kile kichuguu, nakubali, kilikuwa mahali pazuri. Kilikuwa upande wa mashariki, juu kuliko vichaka, ndege nzima ikionekana kutoka pua hadi mkia, na ilikuwa lazima umalize kabla ya saa tatu, hewa ya moto ikiwa haijaanza kutetemeka juu ya ardhi. Kasoro ilikuwa moja tu. Jua likiwa mgongoni na wewe umesimama juu, kivuli chako kilianguka mbele, ndani ya picha. Miguu mirefu, viwiko vimechomoza pembeni kama masikio ya punda. Ulijaribu kuchuchumaa, ulijaribu kulala kifudifudi, miiba ikakuchoma tumbo. Nilikucheka mpaka nikakaa chini. Ulisema picha zote zimeharibika, lakini hukutupa hata moja, na hukuhama tena.

Kisha ukaja mwaka wa mvua ile kubwa. Barabara zilikatika, malori yakazama mpaka milangoni, na karatasi zako za ng'ambo zikawa tayari wakati huohuo. Kiwanja kilipokauka kidogo, rubani wa ndege ya chakula akakubali kukuchukua mpaka Nairobi, ndege ikirudi tupu. Watu wote walisimama karibu na ngazi. Hooyo alikushika kichwa akakuombea dua. Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa juu ya kichuguu, kwa sababu wewe, kaka yangu wa pekee, ulinipeleka huko alfajiri ukanivisha kamera shingoni kwa mikono yako.

"Simama hapa. Usisogee. Usibonyeze mpaka magurudumu yaache ardhi."

"Aboowe, na kuagana je?"

"Tutaagana kwenye simu. Picha hii ni moja tu, abaayo, filamu imeisha."

Nikasimama. Wanasema ulipunga mkono kwenye dirisha. Sikuona, nilikuwa nimefumba jicho moja na kwa jingine nilikuwa nasubiri magurudumu. Nilibonyeza pale pale ulipotaka, kisha ndege ikapita juu yangu na nikabaki na kamera yenye filamu iliyokwisha. Hilo ndilo linalonichoma. Ulikuwa na asubuhi nzima, na yote ukaitumia kunielekeza.

Ukaenda. Ukatutumia kaseti zenye sauti yako, na Hooyo bado anazisikiliza, na katika kila barua tukakuomba picha yako. Zile nne za pasipoti zilikuwa zimebandikwa zote kwenye karatasi za serikali. Ukatuma bahasha nzuri nene, Hooyo akaifungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na uwanja mkubwa wa ndege umepigwa kutoka nyuma ya kioo, na nyuma ya picha umeandika: "Hapa watazamaji wamewekewa hata mabenchi!" Nilitaka kuipasua. Hooyo aliitazama sana, akauliza, "Yeye yuko wapi?" Nikamwambia yuko nyuma ya kamera. Miezi michache baadaye ukawa hupo hata huko.

Basi leo nimeshindwa. Nimemaliza bati lote, hakuna uso. Nikambebea Hooyo bati lenyewe mpaka kwenye mkeka wake nje, nikamwambia mwanao alipiga picha kila kitu kilichoruka isipokuwa yeye mwenyewe, samahani. Akachukua moja, akaisogeza karibu kabisa na jicho la kulia. Kisha akaweka kidole chini ya ndege, kwenye mchanga.

"Huyu hapa."

"Hooyo, hicho ni kivuli tu."

"Kwani nimesema nini? Tazama bega la kulia limeshuka. Tazama anavyosimama, uzito wote nje ya mguu."

Akaomba nyingine, na nyingine. Ndege hakuzitazama kabisa. Tulizipanga mkekani zote, na kweli ulikuwa kila mahali, Aboowe, ukiwa mwembamba mwaka wa ukame, ukiwa na shuka linapepea, ukiwa umechuchumaa kama chura ukijificha usionekane. Katika moja kuna kivuli cha pili kando yako, kifupi, kimeshika dumu. Hooyo alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba, na mimi nikalia palepale mbele yake, bado nina hasira na wewe.

Ya mwisho ilikuwa ile ya kuondoka kwako. Magurudumu yameachana na ardhi, jua liko mgongoni, hakuna mtu aliyeizibia. Ingekufurahisha. Hooyo alipitisha kidole kwenye mchanga, kikasimama juu ya kivuli.

"Huyu siye."

"Ni mimi, Hooyo. Yeye yumo ndani ya ndege."

Akaishika ile picha muda mrefu, akiisogeza na kuirudisha.

"Mbona ulisimama mbali hivi na kaka yako anaondoka?"

Nikamwambia ndipo uliponiambia nisimame.

Mwenyezi Mungu akupanulie mahali hapo ulipo.

Mdogo wako wa kike, ambaye maziwa yake yaliharibika,
Deeqa