Kiuno Kutoa Shingo

Jumapili, 9 Septemba 2012. Lodwar
Nimempima mume wangu, Baba Dan, kabla ya kanisa. Tepu ya fundi wa nguo. Kiuno, usawa wa kitovu, sentimita 104. Shingo 41. Unatoa shingo kwenye kiuno, zinabaki 63, unatafuta urefu wake kwenye jedwali alilonichapia Ekai wa ofisini kwetu. Mafuta asilimia 28. Daktari wa kampuni yao kule Kakuma anataka 25 au chini, la sivyo Januari hatapewa lori la kuendesha tena. Alikuwa amevuta tumbo ndani. Nikangoja mpaka apumue.

Jumapili, 7 Oktoba
Amekuja na lori la kurudi. Kiuno 99, shingo 40. Asilimia 26. Anasema hata nyama haimvutii siku hizi. Nimemsifu. Sikumpikia ugali, nimempa sukuma na yai moja, naye hakulimaliza.

Jumamosi, 3 Novemba
Kiuno 94. Asilimia 24 kasoro kidogo. Tumepita! Nimempigia Dan shuleni Bungoma kumwambia baba yake amekuwa kijana. Akiru, jirani yetu, alikuja kuomba kiberiti. Alimsalimu kwa Kiturkana, ejok, akamwangalia kwa muda. Baadaye akaniuliza pembeni kama mume wangu anaumwa. Nikamwambia hapana, anapunguza mwili. Nilikasirika kidogo. Wivu, nikafikiri.

Jumapili, 2 Desemba
Sielewi. Mikono imekonda, saa inamzunguka kifundoni. Lakini kiuno kimerudi 97. Shingo 36. Jedwali linasema 27. Nimepima mara tatu. Nikamuuliza anakula nini huko Kakuma, kwa wale Wasomali wenye pilau. Akasema chai tu. Sikumwamini. Tumegombana, akaondoka bila kuniaga vizuri.

Jumanne, 11 Desemba. Kakuma
Turn boi wake, utingo wa lori, alinipigia jana, akasema dereva hawezi kupanda lori. Nimeomba ruhusa, nimekuja. Chumba chake kina kitanda, jerikani, na mkate ambao haujafunguliwa. Hakunidanganya. Macho yake ni ya manjano. Nilipomfungua shati, tumbo limevimba na kung'aa, mbavu zote zinaonekana. Nikajua. Sijui nilijua nini, lakini nilijua.

Alhamisi, 13 Desemba. Lodwar
Hospitali. Nilimpa daktari daftari langu la vipimo, tangu Septemba. Mwanamke mtaratibu. Alisoma kila mstari. "Mama, haya si mafuta," akasema. "Ni maji. Ini limechoka." Nikamuuliza jedwali lilikosea wapi. Akasema jedwali ni la mtu mzima mwenye afya, halijui kilichomo ndani ya tumbo. Tumepewa barua ya kwenda Eldoret.

Jumatano, 19 Desemba. Eldoret
Uvimbe kwenye ini. Mkubwa, na mwingine pembeni. Hakuna upasuaji. Wametoa maji, wametupa dawa ya maumivu, wamesema turudi nyumbani.
Miezi miwili nilikuwa naushangilia ugonjwa. Nilimnyima ugali mtu anayekufa. Nimeandika ili nisijidanganye.

Jumapili, 13 Januari 2013. Lodwar
Maji yamerudi. Asubuhi aliniomba nimpime. Nilikataa, akasisitiza, nikampima. Kiuno 103, shingo 34. Asilimia 32, kushinda siku tulipoanza.
"Mama Dan," akasema, "nanenepa au naisha?"
Nikamfunika. Akasema nisimfiche Dan, aliyekaa likizo hukohuko Bungoma, aje kabla shule hazijashika kasi.
Kampuni imempa lori mtu mwingine. Hakuuliza.

Jumatano, 23 Januari
Dan yupo. Anamkata baba yake kucha. Mimi siombi tena apone. Naomba asilie usiku, basi.

Jumapili, 3 Februari
Sikwenda kanisani. Joto kali, hakuna upepo. Tumemtoa nje na godoro, chini ya ukuta wenye kivuli. Alimeza vijiko viwili vya uji, cha tatu kikatoka. Akiru alileta maziwa ya ngamia, akakaa nasi chini. Sikumwomba msamaha kwa siku ile ya kiberiti. Nadhani anajua.
Kivuli kilipohama tulivuta godoro, Dan upande wa kichwa, mimi miguuni. Ni mwepesi. Kimehama tena, tukavuta tena.