Mahali pa Jina la Mama

Baba,

Mama hajambo, ila haimbi tena. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ule wimbo uliokuja nao kutoka Kasai, ulipopata kazi ya reli hapa Kindu? Mama yako alikufundisha kwamba kila anayeuimba huweka humo jina la ampendaye. Wewe ukaugeuza kwa Kiswahili kwa ajili ya Mama, binti wa kutoka Pangi asiyejua neno la lugha yenu: "Mwayuma, unipokee, safari imenichosha." Ukirudi kutoka kazini, buti zikiwa bado na grisi, ulianzia kuuimba nje kwenye uzio, na Mama alijifanya hasikii mpaka jina lake litajwe mara ya pili. Baadaye vijana wa magitaa wa mtaa wa Mikelenge wakauomba, kila mmoja akaweka mchumba wake. Ulicheka sana. "Waache waimbe, hii wimbo iko ya wote wenye kupendana."

Basi, Baba, Chama nacho kimeuomba. Hapana, hakikuomba. Kimeuchukua. Kila asubuhi ofisini tunacheza kabla ya kazi, tumevaa vitenge vyenye uso wa Kiongozi, na mahali pa jina la Mama tunaimba lake. Nami nacheza. Nifanyeje? Asiyecheza anaitwa kujieleza.

Juzi Mama alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe, akaanza kuuimba taratibu. Mjukuu wako Safi akaudakia, akaumalizia kama walivyomfundisha shuleni, kwa jina la Kiongozi, huku akipiga makofi. Nikataka kumsahihisha. Mama akatupa jicho kwa jirani yetu, yule mkubwa wa Chama mtaani, akaninong'oneza: "Acha mutoto. Atatusema kule ku masomo." Akaendelea kutwanga bila wimbo. Safi akaniuliza kama Kiongozi alikuwa rafiki yako. Nikamwambia ndiyo.

Nimeshindwa, Baba. Kuurudisha siwezi, na hasira yangu haimfikii mtu. Ninachokuahidi ni kidogo mno: kila asubuhi tukifika mahali pa jina, nitafumba mdomo na kuzidisha kukata kiuno ili wasigundue. Hapo nitapaacha wazi kwa ajili ya Mama.

Pumzika, Baba yangu. Naye akikufuata huko siku moja, anzia nje kwenye uzio, kama zamani. Umtaje mara mbili.

Mwanao,
Ngalula