Jaketi za Chiriku na Mkasi Wangu

Chumba cha cherehani, ghorofa ya pili,
Juu ya duka la viatu.
Jumapili, mvua inanyesha.

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi kuliko vifungo vilivyomo kwenye kopo langu. Hujambo? Miguu vipi, bado inavimba ukisimama sana? Na shemeji, kile kikohozi kimemwacha au wamekubaliana kuishi pamoja? Sisi huku wazima. Mimi nazidi kupendeza, kioo kimechoka kunisifu.

Nimepatwa na jambo, na sina wa kumweleza bila kuchekwa. Wewe nawe utacheka, lakini utachekea huko huko mbali.

Binti yangu Chiriku ameacha kushona sare za shule. Yeye na wenzake wamevamia nusu ya chumba changu, wanashona nguo za mtaani. Wanakata ovaroli kuukuu za gereji na jinzi za mtumba, wanatoa jaketi. Suruali zao pana, mtu anaweza kuingia na jirani yake. Mwenzake mmoja, tunamwita Wino, anachora migongoni kwa rangi: jogoo aliyevaa miwani, ngazi inayopotelea mawinguni. Nikamuuliza ngazi hiyo inakwenda wapi. Akanijibu, "Mzee, ukishajua, haivaliki tena." Dada, shule niliiacha njiani lakini miji nimeitembea, na maharusi niliowashonea suti hata sikumbuki wangapi wameshaachana. Jibu kama hilo sijawahi kupewa. Bado nalitafuna.

Najifanya napiga pasi, kumbe nachungulia. Kwa nini mfuko uko mgongoni? Kwa nini bega linaangukia kiwikoni? Kwa nini raba wanazisugua kwa mswaki kama meno? Siku moja nikavaa jaketi yao hadi kwa kinyozi, nione itakuwaje. Wale vijana wa vibao vya magurudumu, ambao siku zote wananipita kama nguzo ya umeme, wakasimama. "Mzee, umetisha!" Nikarudi kwa njia ndefu, wengine nao wafaidi.

Sasa sikia. Kuna mama ana duka la nguo hizo, vijana wanapanga foleni kabla hajafungua. Akatuma habari kwamba atakuja kuona kazi. Akiipenda, jaketi za Chiriku zinatundikwa kwake. Asipoipenda, binti anarudi kwenye sare, ndivyo tulivyopatana mimi na yeye.

Mchana wa siku hiyo wakatoka kwenda kuazima kioo kirefu. Nikabaki na jaketi kwenye kamba. Nikazitazama: mishono iko nje, pindo hazikukunjwa, nyuzi zinaning'inia kila upande. Nikasema, masikini mwanangu, muda umemwishia! Na mimi baba mtu nimekaa tu? Nikashika mkasi. Nikakata nyuzi, nikakunja pindo, nikaficha mishono, nikapiga pasi, huku naimba. Kazi safi, dada, hata waziri angeapishwa nayo.

Walipoingia, Wino nusura aangushe kioo. Chiriku akachukua jaketi moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekuokoa."

"Zilikuwa tayari, baba. Nilitaka mtu aone mkono ulipopita."

Tukajaribu kufumua moja. Lakini jinzi haisahau sindano, matundu yakabaki mstari mzima. Na nyuzi nilizokata, nani angezirudisha? Kiherehere changu!

Mama wa duka akafika, kichwa kimenyolewa kama yai, viatu vya mwashi. Akazipita zangu bila kusimama. "Hizi ziko kila mahali," akasema. Dada! Kazi ya mkono wangu! Akasimama kwenye zile chache za mwisho wa kamba ambazo sikuwa nimezifikia. Akashika uzi mmoja, akaufuata kwa kidole hadi mwisho. Akauliza nani ameshona. Chiriku akasema, "Mimi." Nilitaka kudakia kwamba nimemfundisha mimi, lakini ulimi ukapata akili kabla yangu.

Amezichukua hizo chache, na anataka nyingine. Sare basi tena.

Mimi nikasubiri kufukuzwa upande wao wa chumba. Siku ya kwanza Chiriku alinisalimia kwa kichwa tu. Kesho yake akaniletea jaketi ameichora chaki: hapa shona, hapa usiguse.

"Utaweza, baba?"

"Mimi? Mimi niliyewashonea..."

"Baba. Utaweza?"

Huko uliko vijana wanavaaje? Hebu wachungulie mishono uniandikie, na ukipata picha usiwe mchoyo.

Maana kazi hii, dada, ni ngumu kuliko suti. Jana nilifika ukingoni, uzi ukabaki unaning'inia, mrefu, hauna adabu, unanitazama. Vidole vikawasha. Nikaweka mkasi chini, nikamwita Chiriku. Akaja, akainama, akaangalia kwa muda. Kisha akaniletea jaketi ya pili.

Nisalimie shemeji, na binamu Kipara, na mama mkwe wako hata kama hanipendi. Mola akupe afya na miguu myepesi.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kwa uzi wa mara mbili,

Fundi wenu.