Karatasi Iliyoandikwa "Wifi"

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani.
28 Desemba

Mpendwa mdogo wangu Mwenyekiti,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Nakuomba uvae lile koti nililokushonea, usiliache likining'inia nyuma ya mlango kama pazia.

Sisi ni wazima. Mguu wa Mama huvimba jioni, lakini anakataa kuuweka juu ya stuli, eti wageni watamwona mvivu. Mimi ni mgongo tu, maana sare za shule zimenikalisha kitako mwezi mzima.

Nimemaliza adabu. Sasa nikuseme.

Unakumbuka ulivyoturekodia ile sauti yako ndefu? "Mwaka huu kila mtu achukue karatasi moja, amnunulie mtu mmoja, basi. Hakuna kukimbizana madukani, hakuna kukopa. Krismasi bila presha!" Ukapanga na bei, ambayo kwa hesabu zangu haizidi kushona sketi moja ya shule. Nilikupigia makofi peke yangu chumbani, kwa sababu mwaka jana nilimnunulia kila mtu, na Januari nusura nile nyuzi.

Kazi ya kuandika karatasi tulimpa Kitinda, binti wa mwisho wa Mama, kwa ajili ya mwandiko wake. Mtu anayekaa mapokezi hotelini, kutwa anaandika majina ya wageni! Sisi ndugu zake hakutuandika majina. Alituandika kama anavyotuita: Mama, Mjomba, Dada, Kaka, Wifi. Na yeye mwenyewe akajiandika Mimi.

Mama akachukua yake, akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "Mimi! Haya, basi nitajinunulia ndala." Tulicheka mpaka Mjomba akapaliwa na chai. Kitinda akamweleza kuwa huyo Mimi ni yeye aliyeandika, yakaisha. Hakuna hata mmoja wetu, wazima na akili zetu, aliyefikiria kuuliza zile nyingine zitasomwaje.

Nisiwe mchoyo wa sifa, ununuzi wenyewe ulikuwa raha. Nilipata Mjomba. Nikaingia duka moja tu, nikachagua mkanda, nikapatana bei mpaka muuzaji akaniuliza kama na mimi nina duka, nikarudi nyumbani mapema. Kama mkanda haukufika kiunoni, hilo waulizwe Mjomba na tumbo lake.

Siku yenyewe, tulipomaliza kula, zawadi zikaanza kutoka. Nikapewa kile kitambaa ulichonitumia, na rangi yake nimeipenda, ahsante. Mara Wifi akasimama, akaniletea mfuko. Nikamwambia, "Mbona mimi tena? Mimi nimeshapata." Akanionyesha karatasi yake.

"Si imeandikwa Wifi?" akasema. "Wifi yangu ni wewe. Kitinda hawezi kuwa, yeye alijiandika Mimi, tulisikia wote."

Alikuwa sahihi kabisa! Mimi namwita wifi, naye ananiita wifi. Na kwa kuwa wewe hujatuletea mke mpaka leo, Kitinda alipoandika Wifi alikuwa na mtu mmoja tu kichwani, huyo huyo mjane wa Kaka Mkubwa. Maskini alikuwa ameokota karatasi yake mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyemnunulia kitu. Akakaa tena pembeni ya kochi, mikono mapajani, akitabasamu. "Msijali," akasema, "mimi sina shida."

Hapo ndipo nilipokukasirikia, na bado sijapoa. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, tunakuona vizuri. Ulicheka. Sawa, hata mimi nilianza kucheka kabla sijautazama uso wake. Lakini wewe ukaongeza, "Si mchezo tu jamani? Shemeji mwenyewe hana neno. Atapata mwakani." Kisha mtandao ukaanza kukusumbua, ukakata.

Mwakani! Ndivyo ulivyokuwa toka utotoni. Unaitisha kikao cha nani aoshe vyombo, unakifunga wewe, halafu unatoka kwenda kucheza, vyombo vimebaki na sisi. Jina la Mwenyekiti hatukukupa kwa heshima, kama ulikuwa hujui.

Hii ni Krismasi yake ya kwanza tangu tumzike Kaka Mkubwa. Hawakujaliwa mtoto. Kinachomweka hapa ni sisi, na sisi tumemwonyesha tulivyo.

Unajua alinipa nini? Aproni ya kazi, ameishona mwenyewe kwa mkono kutoka kwenye shati la bluu la Kaka. Mimi ni fundi, sitamsifia kazi mbovu. Mishono imepinda, pindo limevutika. Anayepiga pasi kwa dobi siku nzima hana mkono wa sindano. Lakini mfuko wa kifuani ameuacha kama ulivyokuwa, ule niliomshonea Kaka mpana ili miwani yake ienee, na sasa futi yangu ya kupimia na chaki vinaenea humo. Bajeti yako yote aliimalizia kwenye utepe mzuri wa kufungia. Nilikwenda kulia chooni, na nilipotoka hasira ilikuwa imezidi.

Kesho yake Kitinda, macho yamevimba, akamnunulia manukato. Wifi akashukuru sana, akayaweka juu ya kabati bila kuyafungua.

Juzi nikamkuta anakunja nguo zake kitandani, za msimu wa joto na za baridi pamoja. Anasema mwaka mpya ukiingia anarudi kwao. Nikamuuliza, kwa sababu ya karatasi? Akaniambia taratibu, "Wifi, nyumba nzima hii, aliyenichagua ni mimi mwenyewe." Nikaenda moja kwa moja kumwambia Mama. Mama ameficha ufunguo wa sanduku. Anaapa hajui uliko, na huku unalia mfukoni mwake kila anapotembea.

Sasa sikiliza. Sitaki utume zawadi, wala usirekodi sauti ya kututangazia wote. Mpigie yeye, kwenye simu yake, kabla mwaka haujaisha. Mama na Mjomba wanamwita mkwe, sisi wawili tunamwita wifi. Shemeji alianza kuitwa siku Kaka alipomleta hapa, na Kaka alikuwa na mdogo wa kiume mmoja tu. Usipomwita wewe, hakuna mwingine wa kumwita hivyo.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula. Mjomba anakusalimu, anataka kujua kama mkanda unaweza kuungwa. Kitinda anakusalimu kwa aibu. Wifi hajatuma salamu. Safari hii zianzie kwako.

Mungu akulinde, akupe afya, na akujalie mtandao usiokatika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Fundi